Lehemu imeharibika kwenye bodi ya kujifunzia: ununue nini kwanza

Ukiunganisha seti ya redio ndogo au ya taa za kumetameta, utakutana na makosa manne: lehemu baridi isiyoshika mguu, daraja la lehemu kati ya pedi mbili (vidoa vya shaba vya kulehemia miguu), komponenti iliyowekwa kinyume, na pedi ya shaba iliyobanduka. Matatu ya kwanza ni ya kawaida na hayana hasara kubwa. La nne mara nyingi huzaliwa wakati wa kusahihisha hayo matatu, kwa sababu gundi inayoshikilia shaba kwenye bodi huchoka inapochomwa mara kwa mara. Kwa hiyo vifaa vifuatavyo tumevipanga kwa kuangalia jambo moja: kipi kinapunguza muda ambao pedi inakaa kwenye moto.

1. Flaksi ya rosini
Hii ni dawa ya kusafisha chuma na kuifanya lehemu itambae. Ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo watu wanayoiacha dukani. Lehemu baridi, ile yenye uso wa kijivu uliokunjamana au iliyojikusanya kama tone bila kutambaa kwenye pedi, haihitaji kunyonywa. Paka flaksi kidogo, gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kwenye pedi na mguu kwa pamoja sekunde 2 au 3, ongeza lehemu mpya kiasi cha milimita moja, basi. Chagua ya rosini iliyotengenezwa kwa ajili ya elektroniki, iwe ya kopo, ya kalamu au ya sindano. Ile ya mafundi bomba usiiguse hata ukipewa bure: ina asidi, na bodi itaota kutu ya kijani baada ya muda. Ukimaliza, safisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na mswaki wa zamani. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi, huacha utando mweupe.

2. Utambi wa shaba
Huu hunyonya lehemu iliyoyeyuka, na kwa madaraja hauna mpinzani. Nunua wenye upana wa milimita 2 hadi 2.5. Mwembamba zaidi hujaa haraka, mpana zaidi unakula joto lote la chuma chako. Utambi mzuri una shaba inayong'aa na una flaksi ndani. Ule wa rangi ya kahawia iliyofifia umeshaoza kwa hewa na haunyonyi kitu, ingawa ukiupaka flaksi unaweza kufufuka.

Namna ya kuutumia ndiyo inayowashinda wengi. Laza utambi juu ya lehemu, kandamiza kwa ubavu wa ncha wala si kwa kichongo chake, subiri uone rangi ya fedha ikipanda, kisha inua utambi na chuma kwa wakati mmoja. Ukitangulia kuondoa chuma, utambi unaganda kwenye pedi, na ukiuvuta unaondoka nayo. Kata kipande kilichojaa kila mara, kwani kinapoteza joto bure.

3. Pampu ya kunyonya lehemu
Hii ni ya kutoa komponenti zenye miguu iliyopita kwenye matundu. Za plastiki za bei ya chini zinafanya kazi, ila kidomo chao kigumu hakikai vizuri juu ya pedi na hewa inapotea pembeni. Ukiweza, tafuta Engineer SS-02 ya Japani: ina kamrija ka silikoni kanachofunika pedi yote na chuma kwa pamoja. Kamrija hako huungua polepole, lakini unakata kipande kipya.

Tundu likikataa kusafishika, usizidishe moto. Ongeza lehemu mpya juu ya ile ya zamani, iyeyuke yote, halafu nyonya. Lehemu kidogo iliyobaki haipitishi joto vizuri hadi upande wa pili, ndiyo maana kuongeza kunasaidia.

4. Chuma chenye kudhibiti joto
Kama unacho cha wati 60 kisicho na kidhibiti, hiki kinaruka kuwa namba moja, maana cha namna hiyo kinaweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi na kuchoma flaksi kabla haijafanya kazi. Lehemu yenye madini ya risasi ya 63/37 (bati asilimia 63, risasi 37) inayeyuka kwa nyuzi 183, isiyo na risasi ya SAC305 (bati, fedha na shaba) kwa takriban 217 hadi 220. Weka chuma kwenye 320 hadi 350. Chukua ncha bapa ya milimita 2 hivi. Ile iliyochongoka kama sindano inapendeza kwa macho lakini inapitisha joto kidogo.

5. Bastola ya kunyonya yenye joto lake
Hakko FR-301 ni raha tupu, ila ni pesa nyingi kwa mtu mwenye seti mbili. Ukiagiza nje, hakikisha ni ya volti 220 hadi 240. Inayouzwa Marekani ni ya 120.

6. Mashine ya hewa moto
Iache kwa sasa. Ni ya vipande vidogo vinavyokaa juu ya bodi. Kwenye seti ya kujifunzia itayeyusha soketi na swichi za plastiki kabla mguu haujalegea.

Kitu kimoja kisicho kwenye orodha kinaokoa bodi kuliko bastola: plaizi ndogo ya kukatia. Aisii (chipu) ya miguu 8 ikiwekwa kinyume bila soketi, ikate miguu yote karibu na mwili wake, kisha toa mguu mmoja mmoja kwa kibanio huku ukiuchoma. Aisii ya 555, chipu ya kupima muda, ni ya bei ndogo sana, pedi haina spea.

Na pedi ikishabanduka? Usiigandishe kwa gundi. Fuata njia ya shaba hadi pedi inayofuata, kwangua rangi ya bodi taratibu kwa kisu kama haina pedi ya karibu, kisha unganisha mguu wa komponenti hadi hapo kwa waya mwembamba wa milimita 0.25 wenye ganda. Pima muunganiko kwa multimita ikiwa kwenye kipimo cha mlio kabla ya kuweka betri.