Buccolam, midazolamu ya shavuni: je, diazepamu ya haja kubwa ipumzishwe?

Kisanduku cha Buccolam kina mabomba manne madogo ya plastiki yasiyo na sindano. Kila bomba limo ndani ya mrija wake mgumu na lina dozi moja kamili ya midazolamu, dawa ya kukata degedege, tayari kuwekwa shavuni mwa mtoto ambaye degedege limegoma kuisha. Umoja wa Ulaya uliipitisha mwaka 2011, ikawa dawa ya kwanza kupata kibali chao maalumu cha dawa za watoto. Tuseme mapema: kama dawa, inaishinda diazepamu ya njia ya haja kubwa ambayo vituo vyetu vingi bado vinaitegemea. Kama bidhaa, ina kasoro ambazo mtumiaji lazima azijue kabla ya siku ya dharura, na bei yake si ya mwenzangu na mie.

Kinachovutia kwanza ni rangi. Lebo ya manjano ni miligramu 2.5 katika nusu mililita, ya mtoto wa miezi 3 hadi kabla hajatimiza mwaka. Bluu ni miligramu 5 (mililita 1), mwaka 1 hadi chini ya 5. Zambarau ni 7.5 (mililita 1.5), miaka 5 hadi chini ya 10. Chungwa ni 10 (mililita 2), miaka 10 hadi chini ya 18. Wa miezi 3 hadi 6 wapewe hospitalini tu, penye vifaa vya kusaidia pumzi. Mzazi aliyeshikwa na kiwewe usiku wa manane hana hesabu ya kupiga, na hilo ni jambo kubwa.

Lakini ngazi za umri zina tundu. Dozi inayolengwa kwa kawaida huwa karibu miligramu 0.3 hadi 0.5 kwa kilo. Chukua mtoto wa mwaka mmoja mwenye utapiamlo, kilo 6: bomba la bluu linampa zaidi ya 0.8 kwa kilo. Mtoto wa miezi 11 aliyenawiri, kilo 10, anapata 0.25 tu kwa bomba la manjano. Wa kwanza pumzi yake iko hatarini, wa pili huenda degedege lisikatike. Daktari anayeandika cheti ampime mtoto uzito kwanza, asisome tarehe ya kuzaliwa peke yake.

Matumizi yenyewe si magumu, ila kila hatua ina mtego wake. Tazama saa mara degedege linapoanza. Degedege nyingi huisha zenyewe ndani ya dakika chache. Dawa ni kwa lile linalofika dakika 5. Usisubiri zaidi ya hapo, kwa sababu kadiri ubongo unavyoendelea kupigwa, vipokezi vya GABA (kemikali inayoutuliza ubongo) ambavyo dawa hizi hutegemea hujivuta ndani ya seli, na dozi ambayo ingetosha mapema haitoshi tena. Mlaze mtoto ubavu sakafuni, futa mate na povu, usimpachike kijiko wala kidole menoni.

Toa bomba kwenye mrija, vuta kifuniko chekundu. Hapa ndipo bidhaa ilipowahi kujikwaa: chini ya chekundu kuna kifuniko cha pili, kinachopitisha mwanga, ambacho hutakiwa kutoka pamoja nacho lakini mara nyingine hubaki kwenye ncha. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili. Kikibaki, ama dawa haitoki, ama kifuniko kinaangukia mdomoni na kumpalia mtoto. Ishike ncha kwenye mwanga uione iko wazi.

Kisha vuta shavu taratibu, ingiza ncha nyuma kati ya ufizi na shavu, sukuma polepole hadi mwisho. Kwa mtoto mdogo au dozi kubwa, nusu upande huu, nusu ule. Anayesukuma kwa pupa huipeleka kooni: mtoto anakabwa, au anaimeza, na dawa iliyomezwa hupita kwenye ini na sehemu kubwa kuvunjwa kabla ya kufika kwenye ubongo. Nyumbani ni dozi moja tu. Dakika 10 zikipita bila nafuu, twende hospitali, na bomba tupu liende pia ili mhudumu ajue mtoto amekwisha kupewa nini na kiasi gani.

Ushahidi wake si wa matangazo. Hospitali nne za Uingereza zilizolinganisha dawa hizi mbili, matokeo yakachapishwa mwaka 2005, zilihesabu matukio 219. Mafanikio yalipimwa kwa ukali: degedege likome ndani ya dakika 10, lisirudi ndani ya saa moja, na pumzi isizimike. Midazolamu ya shavuni ilifaulu kwa asilimia 56, diazepamu kwa 27.

Utafiti unaotugusa zaidi ni wa hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2008. Watoto 330, nusu kwa nusu. Diazepamu ilishindwa kwa asilimia 43, midazolamu kwa 30.3. Ukichambua ndani unakuta jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kwa watoto wenye malaria, ambao walikuwa takriban theluthi mbili ya wote, tofauti ilikuwa ndogo, 35.8 dhidi ya 31.8. Kwa wasio na malaria pengo likawa kubwa, 55.9 dhidi ya 26.5. Kwa hiyo penye malaria nyingi, anayetarajia muujiza kwa kubadilisha dawa peke yake atavunjika moyo.

Diazepamu tusiitupe. Ni rahisi, inapatikana, na wauguzi wanaijua: miligramu 0.5 kwa kilo kutoka ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya miligramu 10 katika mililita 2, yaani mililita 0.1 kwa kila kilo. Ivute kwa bomba la mililita 1, ondoa sindano, ingiza bomba sentimita 4 hadi 5, kisha bana makalio kwa dakika kadhaa. Mkono ukiachia mapema, dawa inaishia kwenye kanga. Kinyesi kikiwa kimejaa, ufyonzwaji wake haukadiriki. Halafu kumvua nguo kijana wa miaka 13 darasani mbele ya wenzake hakuna mwalimu atakayekubali kirahisi, na anayesita anapoteza dakika zilezile zenye thamani.

Usichanganye Buccolam na Epistatus, midazolamu nyingine ya shavuni kutoka Uingereza. Buccolam ni miligramu 5 kwa mililita, Epistatus ni 10. Ndugu aliyeko ughaibuni akituma kisanduku, soma miligramu, usikisie kwa mililita.

Vituo visivyomudu hutumia midazolamu ya sindano shavuni, na inafanya kazi. Kosa la kawaida ni ampuli. Iliyoandikwa 15 mg/3 ml ina nguvu sawa na Buccolam. Iliyoandikwa 5 mg/5 ml ni hafifu mara tano: dozi ya miligramu 5 inakuwa mililita 5, nyingi mno kwa shavu la mtoto asiyejitambua. Hiyo iache. Ukivunja ampuli ya kioo, toa sindano kwenye bomba kabla ya kusogea kwa mtoto.

Dawa ikishatolewa, kazi haijaisha. Kituoni, pima sukari ya damu: ikiwa chini ya 2.5 mmol/l, mpe mishipani glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Hesabu pumzi, weka mfuko wa kusukuma hewa kando yake. Tamaa ya kurundika dozi ina historia mbaya: katika utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2000, watoto wenye malaria ya ubongo waliokingwa degedege kwa fenobabitoni, dawa nyingine ya degedege, ya miligramu 20 kwa kilo walipata degedege chache zaidi, lakini asilimia 18 walifariki, dhidi ya 8 waliopewa plasebo, yaani dawa bandia. Walioongezewa diazepamu mara tatu au zaidi juu yake ndio waliokuwa katika hatari kubwa kupita wote.

Mtoto anayetumia lopinavir na ritonavir (dawa za VVU), au antibiotiki ya erithromaisini, huvunja midazolamu polepole, hivyo usingizi na udhaifu wa pumzi vinaweza kudumu zaidi. Mwambie mfamasia. Na Buccolam haikai kwenye friji: iache ndani ya mrija wake, kwenye mkoba unaofuatana na mtoto, bomba moja shuleni pamoja na maelekezo ya maandishi, na tarehe ya mwisho iandikwe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kisanduku.