Upasuaji wa mawe ya figo mjini Moshi: kazi safi, maelezo ya stenti haba

Baba yangu mdogo, mkulima wa kahawa na migomba huko Masama, alitolewa jiwe lililokwama kwenye mrija wa figo ya kushoto katika hospitali moja ya mjini Moshi ambayo sitaitaja, na mimi ndiye niliyemsindikiza tangu kufungua faili. Kwa upasuaji wenyewe sina lawama: daktari alipitisha kamera kwenye njia ya mkojo bila kuchana ngozi, jiwe likavunjwa, na kesho yake mgonjwa akaruhusiwa. Ninachokipunguzia alama ni huduma iliyofuata, kwa sababu mzee aliondoka na stenti mwilini huku akijua tu kwamba "kuna kampira kamebaki."

Stenti ni mrija laini wa plastiki, wenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 hivi, uliojikunja ncha zote mbili, moja ikishika ndani ya figo na nyingine kibofuni, ili mkojo uendelee kupita wakati njia yake bado imevimba. Upasuaji ukienda bila tatizo daktari anaweza kuamua kutoiweka, na swali hilo linafaa kuulizwa kabla ya kusaini fomu, maana takribani wagonjwa 8 kati ya 10 husumbuliwa nayo. Mzee alibanwa na mkojo ghafla kiasi kwamba Hiace ya kwenda mjini ililazimika kusimama kabla ya kufika Kwa Sadala, konda amenuna. Kila alipokojoa alichomwa ubavuni, kwa kuwa mkojo hupanda tena figoni kupitia stenti. Na siku aliposhika jembe, mkojo ukatoka na damu. Mama mdogo akaamini kwamba upasuaji umeharibika. Laiti wodini wangetueleza kwamba wekundu hafifu baada ya kazi nzito ni wa kawaida na hupungua kwa kupumzika na kunywa maji, ilhali homa, kutetemeka, mabonge ya damu au mkojo kuziba humrudisha mtu hospitalini usiku huohuo! Hata tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo, aliandikiwa baada ya sisi wenyewe kurudi kulalamika, na ilimpa nafuu kubwa.

Lililonikera zaidi ni fomu ya kuruhusiwa: penye tarehe ya kurudi paliachwa wazi. Stenti ikisahaulika, hasa ikipita miezi 3, chumvi za mkojo huganda juu yake kama ukoko wa birika, ikakwama hadi kuhitaji upasuaji mwingine, na maambukizi pamoja na kuziba vinaweza kuiua figo. Mgonjwa ambaye maumivu yamemwisha ana sababu gani ya kurudi asipoitwa?

Kuitoa kulikuwa kwepesi: jeli ya ganzi, kamera, dakika chache, na nesi mpole aliyesema, "Vuta pumzi, baba, tunamalizia." Malipo yake, hata hivyo, hayakuwemo kwenye gharama ya upasuaji, kwa hiyo ulizeni mapema. Natoa nyota 3 kati ya 5. Ya 4 ningeiongeza kama pangekuwa na daftari la wenye stenti na mtu wa kuwapigia simu.