Mbegu za alkemila zimeota Kibosho, lakini tazama hili kabla hujanunua

Hamjambo ndugu watazamaji. Nipo bustanini kwangu Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na sasa ni saa moja kasoro robo asubuhi. Nimewahi makusudi, maana jua likishapanda sitaweza kuwaonyesha ninachotaka mkione.

Ngoja nisogeze kamera. Hili ni jani la alkemila, mmea wa bustani. Ni la mviringo, limepigwa marinda kama sketi ya shule, na ukingo wake una meno madogo madogo. Kwenye kila jino kuna tone la maji, na hapa katikati limekaa tone moja kubwa kama gololi. Usiku mvua haikunyesha. Haya ya ukingoni yametoka ndani ya jani lenyewe: mizizi husukuma maji usiku, yakatokea kwenye vitundu vya meno haya. Hili kubwa linashikiliwa na vinyweleo. Nikiinamisha jani, oneni, linabingirika lote na jani linabaki kavu! Zamani huko Ulaya, watu waliohangaika kugeuza madini kuwa dhahabu waliyakusanya maji haya wakiamini yana nguvu. Ndiyo asili ya jina Alchemilla, na neno lenyewe ni la Kiarabu, ndugu wa neno letu kemia.

Naanza na jani kwa sababu mwaka jana nilinunua vyungu viwili kwenye kitalu cha barabarani Arusha, nikaambiwa ndiyo alkemila. Nikamwagilia miezi minne. Maua yalipotoka yalikuwa ya waridi, yenye petali kubwa. Ilikuwa jeraniamu! Majani yake hufanana kweli, nayo ni ya duara na yana manyoya. Ila sugua jani la jeraniamu kwa vidole, harufu inakupanda puani hapo hapo. Alkemila haina harufu ya kusema. Na ua lake ni hili: kijani cha njano, dogo kama punje ya mtama, halina petali hata moja, ni vijani vidogo tu vilivyoshika nafasi yake. Kwa hiyo ukienda kitaluni, sugua jani, unuse, kisha lidondoshee maji.

Sasa pakiti yenyewe ya mbegu. Nilitoa shilingi 12,000. Nimependa kwamba imeandikwa jina kamili, Alchemilla mollis, na tarehe ya mwisho wa matumizi ipo. Nisichokipenda ni maelekezo: yameandikwa kwa watu wenye theluji. Mbegu hizi hupenda zipitie baridi kwanza, na sisi hatuna baridi ya namna hiyo. Nilizichanganya na mchanga wenye unyevu kwenye kikopo, nikaziweka friji wiki tatu, sehemu ya mboga, siyo ya kugandisha. Kisha nikazimwaga juu ya mboji iliyochekechwa na kuzikandamiza kwa kiganja. Usizifukie, zinataka mwanga. Mche wa kwanza ulichomoza siku ya 24, na yote jumla ni 14. Miwili nikaiozesha kwa maji mengi. Kwa bei ile, nimeridhika.

Lakini siyo kwa kila mtu. Mmea huu kwao ni Uturuki na milima ya Kaukasi. Hapa chini ya migomba, penye kivuli na samadi iliyoiva, umestawi. Mche niliompa dada yangu Majengo, Moshi mjini kabisa kwenye joto, ulibabuka majani mwezi wa pili, ukafa. Wa Moshi mjini na Himo, hela yenu itunzeni. Wa Ilboru kule Arusha na juu huko, jaribuni.

Mnaoniuliza kuhusu dawa: Ulaya majani ya jamii hii ya alkemila yametumika tangu zamani kwa hedhi nzito na kuharisha. Mimi nimepanda kwa ajili ya macho, na mama mjamzito asinywe.

Waliopanda Kilimanjaro wakavuka msitu wamekwisha kupita kwenye ndugu zake. Kuna Alchemilla johnstonii, yenye jina la Harry Johnston, Mwingereza aliyekuja mlimani mwaka 1884. Wale wa mlimani msiwang'oe, ile ni hifadhi ya taifa. Na huyu mgeni nisingependa awafikie. Mbegu zake hukomaa hata bila kuchavushwa, na Uingereza huota zenyewe hata kwenye nyufa za mawe ya bustani. Hapa msitu uko jirani, na mfereji huu unapita shamba hadi shamba. Kwa hiyo sisubiri maua yakauke. Shada hili limeanza kugeuka rangi ya kahawia, mnaliona? Nalikata sasa, na yale matatu ya nyuma yake, yanaingia kwenye ndoo yenye mfuniko.