Jezi ya Chara kutoka Owino: 40,000 halali yake

Wanaoendesha boda alfajiri kutoka Bombo kwenda Kampala wanajua baridi ya ile barabara. Jaketi la ngozi ni ghali, sweta linapitisha upepo. Mimi siku hizi navaa jezi ya hoki ya barafuni. Si hoki ile ya uwanjani ya Lugogo, ni ile ya kuteleza na viatu vyenye visu.

Niliipata Owino, soko la Kampala, kwa Hajati mmoja anayeuza mivumba, yaani mitumba, ya michezo. Alianza na shilingi 60,000, tukapatana 40,000. Alikuwa ameitundika kati ya jezi za kikapu, nyeusi yenye mistari ya njano, ya Boston Bruins, timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, mgongoni CHARA 33, kifuani herufi C ya kapteni. Wateja walikuwa wanaipita tu.

Hii si feki. Namba zimeshonwa tabaka juu ya tabaka, viwiko vina kitambaa mara mbili, lebo ni ya Reebok, waliozitengeneza kati ya 2007 na 2017. Halafu geuza upindo wa nyuma: ndani kuna mkanda wa kufunga kwenye suruali, ili mkipigana mwenzako asikuvutie jezi ikakufunika kichwa. Ndiyo, wanapigana, refa anawatoa dakika tano kila mmoja, kisha wanarudi kucheza! Jezi nyingi za mashabiki hazina huo mkanda.

Na mwenye namba, jamani. Zdeno Chara ni beki kutoka Trenčín, Slovakia, urefu sentimita 206 kabla hajavaa viatu vya barafu. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya beki bora wa ligi, 2011 akaiongoza Boston kutwaa kombe la ligi, Stanley Cup, walilokuwa hawajaligusa tangu 1972. Shuti lake lilipimwa 2012 likafika kilomita 175 kwa saa. Lakini mimi, beki wa mtaani ninayeomba sabu nikikanyagwa kidole, ninamheshimu kwa fainali ya 2019: taya lilivunjika mechi ya nne, ya tano akaingia uwanjani. Alistaafu 2022 akiwa na mechi 1,680, hakuna beki aliyemfikia. Hata Kilimanjaro alishaupanda.

Kasoro zipo. Ni pana mno, kwa sababu imekatwa kuvaliwa juu ya kinga za mabega, kwa hiyo ukiongeza mwendo inajaa upepo mgongoni. Ndipo ule mkanda unaponisaidia. Mikono inafunika vidole, inabidi nikunje nishike breki vizuri. Ikifika saa tano, jua likiwaka, ivue, utaiva. Harufu ya belo nayo haikutoka kwa Omo peke yake, niliiloweka usiku kucha na ndimu.

Hajati ana lugha nzuri na hapandishi bei akiona umependa kitu. Ila harudishi mali. Kagua makwapa na mishono kabla hujalipa, na uende na pesa mkononi, maana akitumiwa kwa simu anataka uongeze na ya kutolea.