Nilikwenda kubadilisha spika, kumbe spika nzima

Wiki nzima nilisikiliza redio kwa kuibana simu sikioni, kama mtu anayepewa umbea. Programu ya redio niliyoizoea (jina lake naliacha) ilikuwa inanong'ona tu. Nabonyeza kitufe cha ubavuni mpaka alama ya sauti inajaa, mtangazaji bado yuko chumba cha pili. Nikasema basi, spika imekufa.

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Fundi hakugusa hata bisibisi. Alifungua video moja niliyotumiwa WhatsApp, ikalia mpaka watu wawili wakageuka. Akarudi kwenye redio, akagusa kispika kidogo pembeni ya jina la stesheni. Ukachomoza mstari mwembamba, kidoti chake kimejikunyata karibu kabisa na mwanzo. Akakiburuta kulia. "Dada, simu yako nzima hii." Hela alikataa, nikamwachia elfu mbili ya soda.

Kumbe simu ina sauti yake na programu ina yake, na ya programu inakaa ndani ya ile ya simu. Kidoti kikiwa chini, ujaze vitufe vya ubavuni mpaka kidole kiume, hupati kitu. Namshuku mwanangu wa miaka minne, hakuna anachokiona bila kukigusa.

Mawaidha na nyimbo nilizohifadhi kwenye simu sasa nazifungulia VLC, programu ya kuchezea muziki na video. Ni ya bure na haina matangazo. Video ikicheza, ukipandisha kidole upande wa kulia wa kioo sauti inapanda, kushoto ni mwanga. Kwenye mipangilio unaweza hata kuruhusu sauti ivuke asilimia 100 ifike 200. Video ya harusi ya shoga yangu, iliyorekodiwa kutoka viti vya nyuma, ndiyo kwanza nimesikia kungwi alisema nini. Ukizidisha lakini inakwaruza.

Redio sijaifuta, na sababu ni usiku. Simu yangu ina ngazi 15 za sauti, na mtoto akilala hata ile ya kwanza ni kelele. Hapo naiacha simu kwenye ngazi ya kwanza, kisha nateremsha kidoti kile kile kilichonipeleka Aggrey, nasikiliza taarifa ya habari bila kumwamsha mtu.

Nyota tatu. Siku wakiuleta ule mstari mbele, chini ya kitufe cha kuchezea, nitaongeza ya nne.