Tathmini ya amri ya git describe: namba za matoleo bila kuandika kwa mkono

Karani wa chama cha msingi huko Newala alipotupigia simu kwamba kilo za korosho katika programu yetu haziendani na stakabadhi, hatukuweza kujua anatumia toleo gani, kwani namba tuliiandika kwa mkono na mara nyingi tuliisahau.

Tangu tuingize amri ya git describe, ya Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, katika hatua ya kuunda programu, skrini huonyesha mathalani v2.3.0-4-g1a2b3c4, yaani lebo ya mwisho (jina la toleo lililobandikwa kwenye historia hiyo), mabadiliko 4 yaliyoifuata, na utambulisho wa badiliko lenyewe baada ya herufi g, inayosimama badala ya Git. Naipenda mno.

Tahadhari moja: kompyuta ya kuundia ikivuta historia fupi isiyo na lebo, amri hushindwa, kwa hiyo hapa Mtwara tunavuta historia yote, ingawa intaneti hutuchelewesha.