Wildflowers ya Tom Petty: solo gani hii yenye bendi nzima ndani?

Wadau, karibuni tena chanelini. Leo sizunguki, maana hii kitu nimeisubiri kwa hamu. Tom Petty, mwanaroki wa Marekani, albamu yake ya solo Wildflowers, 1994. Oneni jalada: jina la Petty peke yake, bendi yake ya Heartbreakers haijaandikwa popote. Haya, sasa someni majina ya wapigaji. Gitaa, Mike Campbell. Kinanda, Benmont Tench. Howie Epstein naye yumo. Jamani, hawa si ndio Heartbreakers wenyewe? Sasa usolo wake uko wapi?

Kuna mmoja hayumo. Stan Lynch, mpiga dramu aliyekuwa na Petty tangu bendi inaanza miaka ya 70. Kiti chake kakalia Steve Ferrone, Mwingereza, zamani alikuwa Average White Band. Na mimi nasema albamu hii yote inasimama kwenye hicho kiti. Msinibishie kwanza, vaeni hedifoni.

Nauweka "You Don't Know How It Feels". Naweka sekunde chache tu, mambo ya hakimiliki mnayajua. Haya... hapo! Nasimamisha. Mmesikia? Dramu peke yake, hakuna kingine. Narudisha tena. Sikilizeni lile pigo la mguu, halafu mkono unajibu. Hakuna mwangwi hata kidogo. Miaka ya 80 dramu za roki zilikuwa zinalia kama zimepigwa pangoni, lakini hii ni kavu kabisa, kama jamaa anapiga hapa hapa mbele ya meza yangu. Na sikilizeni ile nafasi kati ya pigo na pigo. Ferrone haijazi. Hana mbwembwe, hakimbizi, hachelewi. Narudisha mara ya mwisho, safari hii msisikilize dramu, sikilizeni kinanda cha mdomo kinavyoingia. Kinaingia taratibu, kimejiachia, kwa sababu kimeachiwa nafasi. Petty naye akianza kuimba ni kama anaongea na mtu. Angeimbaje hivyo kama nyuma yake kuna mtu anatwanga? Aisee, hapa naweza kukaa mchana kutwa!

Na msishangae dramu kuwekwa mbele hivyo. Prodyuza ni Rick Rubin, pamoja na Petty na Campbell, na Rubin ametokea kwenye rap, ni mmoja wa walioanzisha Def Jam, lebo ya rap. Huyo biti anaijua.

Kwa hiyo lile swali langu la usolo, naona lina jibu. Angeandika Heartbreakers, pale kwenye dramu alitakiwa akae Lynch. Akiandika jina lake, anachagua mwenyewe. Huo ni mtazamo wangu, lakini angalieni kilichofuata: Lynch aliondoka mwaka huo huo wa 1994, na Ferrone akabaki kwenye bendi mpaka Petty anafariki Oktoba 2017.

Najua mtaniuliza kwenye komenti, Freddie Mercury je? Mtoto wa Unguja yule alifanya kinyume. Albamu yake ya solo, Mr. Bad Guy ya 1985, bendi yake ya Queen aliwaacha nje. Nyimbo mbili za mle, "Made in Heaven" na "I Was Born to Love You", wenzake walikuja kuzipiga upya baada ya kifo chake, zikatoka kwenye albamu ya Queen ya 1995. Zisikilizeni zote. Mimi za Queen zinanipiga zaidi, sauti ya Freddie ni ile ile, ila nyuma yake kuna watu wanaomjua.

Ringo Starr wa Beatles anapiga dramu kwenye "To Find a Friend", sawa, ni nzuri, tusonge.

Kinachonikera sasa! Petty alitaka itoke na nyimbo 25. Kampuni ya rekodi ikaona nyingi, zikabaki 15. "Leave Virginia Alone" akapewa Rod Stewart, nyingine zikaenda kwenye filamu. Zilizoachwa tumezipata 2020 kwenye Wildflowers & All the Rest, mwenyewe ameshafariki. Inauma.

Bei: santuri ya 1994 achaneni nayo, wenye nayo wanauza kwa bei ya wakusanyaji. Chukueni toleo la 2020 lile la kawaida. Lile boksi kubwa ni kwa mwenye hela ya kuchezea, majaribio ya nyimbo aliyorekodi nyumbani yaliyomo ni matamu ila si ya kila siku. Na mkinunua, kagueni kona za jalada kabla hamjalipa, langu limefika limekunjwa na muuzaji anasema ndivyo lilivyo.

Ijumaa usiku tuko laivu, tunaisikiliza hii na Full Moon Fever ya 1989, solo yake ya kwanza, Campbell yumo pia. Ile inang'aa zaidi, nyimbo zake zinashika haraka, kuna siku naipenda kuliko hii. Sabskraibu, gonga kengele, na uniandikie hapo chini tuanze na ipi.